Kinachofuata Baada ya Kumi

Mwaka 1973 nilipelekwa kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Nzega. Nilikuwa kijana wa kujiona, nikidhani hesabu haina ubishi. Nyamizi ndiye aliyenitoa ujinga huo.

Alikuwa mama wa makamo, msukaji wa makapu ya milala, na hamu yake ilikuwa moja: kusoma mizani ya pamba ya kijiji. Kazi hiyo kila msimu alipewa aliyefaulu mtihani wa kisomo, na Nyamizi alikuwa amechoka kusomewa na wengine uzito wa pamba ya jasho lake.

Siku ya mtihani niliandika ubaoni: 2, 4, 6, 8, 10, endeleeni vivyo hivyo. Wenzake wakaandika 12. Yeye akaandika 8, 6, 4, 2. Nikamwekea kosa kwa wino mwekundu, wala sikufikiri mara mbili.

Kesho yake alikuja na karatasi yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Hapa nimekosea nini?”

“Vivyo hivyo maana yake uongeze mbili kila mara.”

“Hilo umeliandika wapi?”

Nikatazama ubao. Sikuwa nimeliandika. Akanionyesha kapu lake: milala myeusi miwili, minne, sita, hadi kumi, kisha inapungua mpaka pambo la ua linafunga.

“Sisi ndivyo tunavyoendelea. Nikizidi kuongeza, ua halifungi abadani.”

Nikafungua kitabu cha mwongozo ili nimshinde. Nacho kilisema “vivyo hivyo” tu! Na hata ningeandika “ongeza mbili”, angeuliza mpaka wapi. Wiki nzima nilikula ugali huku nahesabu vidole. Katika zile namba tano, hakuna hata moja iliyomkataza kurudi nyuma.

Lakini kosa sikulifuta, na kwa alama hiyo moja akafeli. Nilimwogopa mkaguzi wa kutoka Tabora, na mpaka leo naona aibu. Mizani akapewa Mahona, mmoja wa wale walioandika 12, na msimu mzima Nyamizi akapanga foleni na mzigo wake kichwani, akisomewa.

Mwaka uliofuata nilirudia swali lile lile makusudi. Akaandika 12, 14, 16, akafaulu, na mizani akaipata. Nilifurahi kama niliyefaulu mwenyewe.

“Sasa mama, kanuni umeielewa?”

“Kanuni? Hata kidogo,” akasema. “Nimekuelewa wewe tu, mwalimu.”