Mlezi wa Mit Shahin Aliyekuwa Hahesabiwi

Saa moja kasoro robo asubuhi, Inshirah Abdel-Gawwad amesimama mlangoni pa chekechea ya Asafiri, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta uliokwisha kupata jua. Kila mtoto anayefika anamgusa nyuma ya sikio kwa migongo ya vidole viwili. Kipimajoto kipo ndani, hakihitaji.

"Huyu ana homa," anamwambia baba mmoja aliyekwisha kugeuza pikipiki yake.

"Dada, nakuomba, nimechelewa kazini."

"Wewe umechelewa, homa imewahi. Mrudishe kwa bibi yake, ampe maji ya anisi. Akipoa mlete, nitampokea huku nacheka."

Baba anaguna, anampakia mwanawe, anaondoka. Hapa Mit Shahin, mji wa pamba katika Delta ya Nile, watu hawabishani sana na Dada Inshirah. Wengi wa hao akina baba aliwabadilisha nepi yeye.

Huku Misri, mwanamke anayelea watoto bila cheti huitwa dada. Mwenye cheti huitwa abla. Dada hubeba, hulisha, huosha, hubembeleza. Abla hufundisha. Kwa miaka mingi Inshirah alidhani tofauti hiyo ni ya jina tu.

Anafunga komeo la mlango, anahesabu kwa pingili za vidole kama mtu anayevuta uradi.

"Kumi na tisa," anasema. "Nasi walezi tupo watatu. Unaijua raha ya kuwa watatu? Huijui. Ungeijua ungekaa chini ulie."

Ana miaka hamsini na minane. Aliacha shule darasa la sita, mama yake alipougua na kumwachia wadogo watano. Alipofika miaka kumi na sita, shangazi yake akamshika mkono, akampeleka kwenye kiwanda cha kusokota pamba. Hakumpeleka mashineni. Alimpeleka kwenye jengo la chini, lenye madirisha mapana, nyuma ya ghala la marobota: chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi.

Ukitaka Inshirah asahau chai yake mpaka ipoe, muulize kuhusu chumba hicho.

"Kulikuwa na vitanda vya chuma vya rangi ya kijani," anasema. "Maziwa yanachemka tangu alfajiri. Harufu ya maziwa, wanga na sabuni ya mche. Mpaka leo nikipita mahali pananuka wanga, miguu inataka kwenda kazini."

Saa nne king'ora kilipolia, uwanja ulijaa wanawake wanaokimbia. Walikuwa akina mama wenye watoto wanaonyonya, nao walipewa dakika ishirini. Walikuja na vumbi la pamba nywelini na kwenye kope, kama watu walionyeshewa unga, huku wakifungua vifungo njiani.

"Watoto walikijua king'ora. Kikilia tu, vinywa vinafunguka. Hata yule aliyelala fofofo anaanza kunyonya hewa." Anacheka. "Akina mama wale walikuwa wananyonyesha huku wanasimuliana. Nani kaposwa, nani kaachwa, nani anapika nini. Nimekua humo. Mambo yote ya ndoa nimeyajua kabla sijaolewa."

Mkuu wa chumba alikuwa Abla Bahiga, mwanamke wa kutoka Tanta aliyevaa saa ya kiume na kukata nywele fupi. Diploma yake ilitundikwa ukutani juu ya birika. Sheria yake ilikuwa moja: wachanga watano kwa mlezi mmoja, asizidi hata aliyezaliwa jana.

Inshirah anakumbuka siku meneja wa kiwanda, mhandisi mwenye suti ya kijivu, alipokuja kutaka kila mlezi apewe watoto wanane. Abla Bahiga hakubishana naye. Alimvutia kiti.

"Kaa, Bwana Mhandisi. Shika huyu." Akampa mtoto mkono wa kulia. "Na huyu." Mkono wa kushoto. "Huyu mpakate." Walezi wakawa wanajiuma midomo wasicheke. Alipoletewa wa nne, suruali ya kijivu ilikuwa imelowa na wa kwanza alikuwa ameshika tai yake anaitafuna.

"Basi, basi, Abla, nimeelewa!"

"Hapana, hujaelewa. Bado wanne. Niambie tu wa tano nimweke wapi."

Hakurudi tena na hoja hiyo.

"Alikuwa na maneno yake," anasema Inshirah. "Alisema: mtoto akilia usikimbie, anayelia anapumua. Kimbia ukisikia kimya."

Neno jingine la Abla Bahiga alimwambia peke yake, mara nyingi, wakikunja nepi. "Inshirah, soma. Mimi najua unachokijua. Nikiondoka, nani atajua?" Inshirah alikuwa akicheka. Alikuwa na miaka ishirini, kisha thelathini, kisha na binti wa kusomesha. Kusoma kulikuwa kazi ya Nagwa, binti yake, si yake.

Miaka ishirini iliyopita kiwanda kilipunguza wafanyakazi, na chumba kile kikafungwa. Siku ya mwisho akina mama walikuja hata wasiokuwa na watoto wadogo. Mmoja alichukua godoro, mwingine sufuria ya maziwa. Abla Bahiga alishusha diploma yake, akaifunga kwa kanga ya mtoto, akapanda gari moshi kwenda kwa kaka yake Tanta. Baada ya miaka miwili Inshirah alikwenda kumzika.

Wakati huo alikuwa amekwisha kupata kazi Asafiri, kwa Madamu Suheir, mjane aliyegeuza nyumba ya chini aliyoachiwa na mumewe kuwa chekechea. Inshirah hapendi asemwe vibaya. "Si mtu mbaya. Akina mama walikuwa wanampigia magoti awachukulie watoto, naye hajui kusema hapana."

Ndiyo maana idadi ilipanda. Ishirini, thelathini, mwishowe arobaini na wanne, kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi minne. Walezi wawili tu: Inshirah, na Abla Mirihan, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyetoka na diploma yake ikinuka wino.

"Siku ya kwanza alilia kuliko watoto," anasema Inshirah. Mirihan, anayepita na beseni la machungwa, anajibu bila kugeuka: "Mwongo huyu. Nililia siku ya pili."

Usiku, watoto walipokwisha kwenda kwao, Inshirah alikuwa akiukumbuka uwanja wa kiwanda. Si kwamba maisha yalikuwa rahisi. Alichokikosa ni kumjua kila mtoto. Kule alijua nani analala kwa kupapaswa kisogo na nani kwa kukunwa unyayo. Huku wengine walimaliza mwaka hajawahi kuwapakata.

Kisha ikaja Jumanne moja ya baridi, miaka mitatu iliyopita. Ilikuwa saa ya kula. Mirihan alikuwa chooni na watoto watatu. Inshirah alikuwa akimbadilisha mtoto aliyeharisha. Karibu arobaini waliobaki walikaa mikekani wakila mapera, na kelele zao zilisikika hadi barabarani.

"Katikati ya kelele nikasikia shimo," anasema. "Pembe moja imenyamaza."

Moaz, mwenye miaka mitatu, alikuwa amekaa wima, macho yamemtoka, midomo imeingia weusi. Inshirah alimwacha wa nepi palepale sakafuni, akaruka watoto, akamlaza Moaz kifudifudi kwenye paja na kumpiga mgongoni mara moja, mara mbili, mara ya tano. Kipande cha pera kikatoka. Moaz akalia. Inshirah anasema hajawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Jioni Madamu Suheir alimnong'oneza: "Yamekwisha salama. Usimtishe mama yake."

Inshirah alimngoja mama huyo mlangoni. Mama Moaz hushona mashati katika kiwanda cha nguo nje ya mji, naye hufika wa mwisho. Alimweleza yote, hata kwamba hakujua mtoto alikaa muda gani bila kupumua. Mama Moaz alikaa chini kwenye ngazi, mtoto kifuani.

"Dada, nikuambie nini? Nikuchukie au nikubusu mikono?"

"Vyote viwili, mwanangu. Una haki."

Mwezi mmoja baadaye ikasikika kwamba mkaguzi anakuja. Madamu Suheir alipandisha watoto kumi na watano ghorofani kwa jirani, akamletea Inshirah miwani na koti la kiofisi.

"Leo wewe ni Abla Inshirah. Diploma ya biashara. Ukiulizwa cheti, sema kiko nyumbani."

"Madamu, mimi hata kuandika barua siwezi bila kufuta mara tatu."

"Nani atakuambia uandike? Kaa, tabasamu, vaa miwani."

Mkaguzi, Ustadha Rihab, alikuwa mwanamke mpole mwenye mafua. Aliangalia vyoo, akaangalia jiko, akafungua daftari. "Abla, una watoto wangapi kwa kawaida?"

Inshirah anasema alitazama mikekani, akamwona Moaz anakula chungwa. Akavua miwani.

"Mimi si abla. Ni dada. Watoto ni arobaini na wanne. Kumi na watano wako juu, na yule mdogo wao lazima sasa hivi amelowa, naomba ruhusa nikamshushe."

Mkaguzi alipenga kamasi, akaandika muda mrefu. Inshirah alimwomba amsomee. Watoto: arobaini na wanne. Walezi wenye sifa: mmoja.

"Na mimi?"

"Dada yangu," alisema Ustadha Rihab taratibu, "sisemi hufanyi kazi. Nasema kwenye hesabu hii hupo."

Neno lile, anasema, lilimuuma kuliko yote yaliyofuata. Na yaliyofuata hayakuwa madogo. Chekechea ilipewa miezi miwili ijirekebishe au ifungwe. Madamu Suheir hakumsemesha kwa wiki nzima, kisha akamsemesha. "Umenichinja, Inshirah! Na kisu nimekupa mwenyewe!" Watoto zaidi ya ishirini walikosa nafasi. Akina mama wengine walikuja kumfokea mlangoni, na mmoja aliacha kazi kiwandani kwa kukosa pa kumweka mwanawe. Inshirah hajisafishi kwa hilo. "Yule ana haki ya kunung'unika mpaka leo. Nikimwona sokoni nashusha macho."

Madamu Suheir aliajiri abla wengine wawili wenye diploma. Inshirah akahamishiwa jikoni, kwa mshahara uleule wa pauni elfu mbili na mia mbili.

Karibu miaka miwili aliosha sufuria huku akisikia vilio nyuma ya ukuta. Alivijua vyote: hiki cha njaa, hiki cha wivu, hiki cha usingizi. Hakuruhusiwa kuvuka mlango. Siku moja kilio kimoja kilizidi, Mirihan akaja jikoni na mtoto begani, jasho linamtoka.

"Dada, huyu nimembembeleza kwa kila kitu nilichofundishwa."

"Mkune unyayo."

Mtoto akalala. Mirihan akabaki amesimama. "Hili halikuwemo kwenye diploma," akasema. Kisha akaongeza: "Kuna darasa la jioni la watu wazima. Nimekuulizia."

Habari ilifika sokoni kabla yake. Amm Shahat, muuza mboga, alimwona na mkoba wa madaftari akapaza sauti kwa methali ya Wamisri: "Alipoota mvi, wakampeleka chuoni!"

"Afadhali mimi nimepelekwa," akamjibu. "Wewe ulipelekwa mdogo na bado mizani yako haijui kusoma." Soko likaangua kicheko, na Amm Shahat akamwongezea fungu la mnanaa.

Mtihani wa kwanza alifaulu kila somo isipokuwa hesabu. Alitaka kuacha. Nagwa, ambaye sasa ni muuguzi, alimpigia simu akamwambia maneno makali ambayo mama mtu hakubali kuyarudia. Mirihan akabaki naye jikoni kila mchana, wakigawanya machungwa: watoto kumi na tisa kwa walezi watatu, kila mmoja anabaki na wangapi? Katika mtihani wa marudio alipita kwa alama mbili. Akaendelea na mafunzo ya ulezi ya miezi minne, na mwaka jana majira ya kuchipua, abla mmoja alipoondoka, akarudi mikekani kama mlezi msaidizi. Ustadha Rihab mwenyewe ndiye aliyeandika jina lake.

Wakati mwingine hupita karibu na kiwanda cha zamani. Jengo la chini limekuwa bohari ya mbolea. Mlinzi wa sasa, mwanamume mnene mwenye masharubu, humwachia aingie hadi dirishani, maana naye alilala humo, kitanda cha tatu. "Alikuwa analala kwa kunywa maziwa ya baridi," anasema Inshirah. "Sasa ana watoto wakubwa."

Anapotazama ndani haoni mifuko ya mbolea, anasema. Anawaona wanawake weupe kwa pamba, wanakimbia, na Abla Bahiga ameshika saa.

Sasa anasoma mwaka wa kwanza wa diploma. Akimaliza, anataka kuwaendea wenye kiwanda cha mashati na kuwaomba chumba kimoja, karibu na cherehani, mama aweze kufika akiitwa. Wanawake wawili aliofanya nao kazi zamani wameshakubali kuwa naye. Mama Moaz ameanza kukusanya majina ya wenzake wenye watoto wachanga.

Mtihani ni Jumamosi ijayo. Madamu Suheir amehangaika wiki nzima, amepiga simu hadi mji wa pili, kwa sababu kanuni hairuhusu chumba kubaki na walezi wawili. Jana alimpata mwalimu mmoja wa siku moja, na ilibidi amlipie hata nauli.

Inshirah anasimulia hayo huku akimfuta mtoto pua, na hafichi furaha yake.

"Miaka kumi na tisa nimeumwa, nimezika, nimeoza binti," anasema. "Nikikosa, siku inakwenda tu. Jumamosi hii, mara ya kwanza, ametafutwa mtu wa kukaa mahali pangu."