Milioni Moja na Tatu

Dada yangu mkubwa alifundisha hesabu katika shule ya msingi Mukuju. Aliolewa upande wa Busia, akakaa miaka tisa bila mtoto, kisha mume akamrudisha kwetu na sanduku lake moja. Hakulia mbele yetu. Jumatatu alikwenda kufundisha.

Baadaye akapata kitabu cha hesabu cha Kiswahili kutoka Tanzania. Humo akakuta kwamba namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe inaitwa namba tasa. Alicheka kicheko kibaya. "Hata namba wanaitukana," akaniambia.

Alipougua kizazi tulimpeleka hospitali ya Masafu. Mama miguu ilimsumbua, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa na dada. Aliomba daftari na kalamu, anataka kujua kama 1,000,003 ni tasa. Milioni moja na moja inagawanyika kwa mia na moja, alisema, na milioni moja na mbili ni shufwa. Ila hii hakuwa na hakika nayo.

"Nitajaribu namba tasa zote zilizo chini ya elfu. Ziko mia na sitini na nane. Zote zikikataa, basi."

"Mbona uishie elfu?"

"Elfu mara elfu ni milioni. Ukifika hapo umemaliza."

"Simu itakwambia sasa hivi, dada."

"Iweke mfukoni. Nataka niigawanye mwenyewe."

Kila asubuhi akishameza dawa aligawanya. Kwa saba, baki nne. Kwa kumi na moja, nne. Kwa kumi na tatu, nne tena. Siku zikaenda, mkono ukawa mzito, mistari ikapinda.

Alipofika mia tano ishirini na tatu akanishika mkono. "Imeingia! Haibaki kitu! Si tasa, ina watu ndani." Siku hiyo alikunywa uji kikombe kizima.

Nikatoka nje, nikatoa simu, nikaigawanya kwa 523. Ikaleta 1912, nukta, sufuri, tano. Ningeweza kunyamaza. Mpaka leo sijui kwa nini sikunyamaza. Labda kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kusahihisha.

"Dada, kuna kosa hapa."

Alirudia hesabu mstari kwa mstari. Akaona mahali alipokosea kutoa, akakata, akaandika baki ishirini na saba. "Kweli," alisema. Akafunga daftari, akageukia ukuta. Hakuiomba kalamu tena, na mwezi haukuisha akafariki.

Baada ya mazishi niligawanya kwa namba tasa zilizobaki, sitini na tisa, kwa mkono. Hakuna hata moja iliyoingia.

Mama alinikuta mezani. "Unaandika nini?"

"Kazi ya dada."

"Imekwisha?"

"Imekwisha, mama."

Akaniambia nilifiche hilo daftari mahali ambapo hataliona.