Bibi Aliyefunga Mlango

Wanawake wa soko la Busia, upande wa Uganda, wana ulimi. Ukinenepa watasema, ukikonda watasema, na ukimwacha mtoto kwa mama yako ukaenda kutafuta kazi, watakubandika jina. Loy, muuza mitumba ya watoto, walimbandika "mama wa sikukuu", kwa sababu binti yake Atai alilelewa na bibi yake kule Buteba, na yeye alikuwa akimwona Krismasi na Pasaka. Kutwa nzima Loy aliwavisha watoto wa wenzake magauni, huku akilisikia jina lake likipita nyuma ya mgongo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini nani sokoni ana nafasi ya kuulizia kunguni wa mtu?

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baba yake Atai, mwanamume wa Kiteso kutoka Tororo, alioa mwanamke mwingine mtoto akiwa wa miezi minane. Loy akarudi kwa mama yake, Mugeni, kwenye shamba dogo la mihogo. Alisikia kuna kazi za ndani Kisumu, akaogopa kulitaja jambo hilo. Mugeni ndiye aliyelitaja. Alimfungua mtoto mgongoni mwa Loy, akambeba mgongoni mwake mwenyewe, akasema kwa Kisamia chao, "Nenda. Mtoto huyu hatalala njaa nami nipo." Kisha akamsindikiza hadi barabarani. Loy alikusudia kukaa mwaka mmoja tu. Alikaa saba, na hakuna mtu aliyemzuia kurudi. Hilo la mwisho ndilo lililomtafuna, na hakuwahi kulisema.

Alipokuja kufungua kibanda chake Busia, alimkuta Atai msichana mwenye adabu kupita kiasi, adabu ya mbele ya wageni. Alipiga magoti kumsalimu, akajibu alichoulizwa, basi, akakimbilia jikoni kwa Kukhu, maana ndivyo Wasamia wanavyomwita bibi. Sasa alikuwa amemaliza shule ya msingi. Sekondari ilikuwa mjini, karibu na chumba cha Loy. Mugeni akasema mtoto achague mwenyewe: ahamie kwa mama yake, au abaki Buteba awe anakuja kwa boda kila asubuhi. Loy hakutaka kitu kingine duniani ila achaguliwe yeye. Lakini angemweleza nini mtoto? Kila alipojaribu kujitetea, aliishia kumuuliza habari za shule. Ndipo akaamua kutengeneza filamu.

Msicheke. Siku hizi kila mtu mpakani ana simu yenye kamera, na Loy alikuwa mteja wa vibanda vya video tangu hajang'oka meno ya utoto. Akamtafuta Clifford, jamaa wa upande wa Kenya anayepiga video za harusi na matanga, akamsimulia yote kama yalivyokuwa.

Clifford akakuna kichwa. "Stori iko poa, siz. Lakini adui ni nani?"

"Hakuna adui."

"Zii! Movie bila adui hiyo ni video ya harusi. Watu watalala. Lazima kuna mtu alimfukuza huyu mama."

"Weka baba ya mtoto."

"Mwanaume kutoroka? Hiyo ni habari gani sasa?"

"Basi bibi," Loy akasema. "Bibi afunge mlango."

Alilitamka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, akashangaa kuona lilivyo tamu.

Hawakwenda kupiga picha Buteba. Loy alidai kwamba nyumbani kwa shangazi yake, kijijini Mulanda, kuna mwanga mzuri zaidi. Mwanga wapi! Buteba kila jirani aliujua ukweli, hata wachunga mbuzi. Loy akajiigiza mwenyewe; Proscovia muuza viatu, mwenye mdomo kuliko wote sokoni, akapewa kuwa bibi, na alifurahi mno kupata nafasi ya kumfukuza mtu. Gomesi ya kuvaa, vazi la heshima la akina mama wa Uganda, wakaazima kwa Mugeni mwenyewe, ile yake ya kanisani, ya zambarau, mabega yamechongoka, mshipi wa rangi ya dhahabu. Mugeni aliinyoosha kwa pasi ya makaa kabla ya kuitoa. Aliambiwa filamu inahusu akina mama, akasema ni jambo jema, akina mama hawasemwi vizuri siku hizi.

Ikawa filamu ya dakika kumi na mbili isiyo na neno hata moja. Waigizaji walikuwa wakichanganya Kisamia, Kiteso na Kiswahili, na Loy akaona nyuso zitatosha. Tena alimhofia Paddy. Paddy, mzaliwa wa Nagongera na mwenye kibanda cha video, huwa hakubali filamu ipite hivi hivi. Hukaa pembeni na maiki yake akatafsiri, akaongeza chumvi, akaongeza na pilipili, awe ameielewa lugha au hajaielewa. Loy aliwaza kwamba filamu isiyo na maneno haina cha kutafsiri. Mtu amekaa vibandani maisha yake yote na bado anawaza hivyo!

Ilionyeshwa Jumapili, watu walipotoka kanisani. Soko zima lilikuja. Mugeni na Atai walikaa benchi la nyuma, begi la Atai likiwa miguuni mwa bibi yake kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake na mtoto alikuwa bado hajachagua. Mugeni alikuwa amevaa gomesi ya zambarau, maana ndiyo pekee aliyokuwa nayo ya kwendea mahali pa watu.

Paddy alivumilia kimya kidogo tu. "Banange! Kimya hii ni ya nini? Musiogope, Paddy iko!" Maiki ikakwaruza. "Stelingi ndiyo ule, dada ya mtoto mgongoni. Adui sijaona bado. Ngoja... Haa! Adui ndiyo ule! Mzee ya gomesi!"

Watu wakaanza kuzomea. Kwenye skrini Proscovia akaufunga mlango kwa kishindo, mvua ikamnyeshea stelingi na mtoto wake.

"Mama gani hii?" Paddy akapaza sauti. "Nafungia mtoto yake nje na mvua nakuja! Roho kama ya mamba!"

"Mchawi!" mwanamke mmoja akafoka.

Wale wale waliombandika Loy jina sasa walikuwa wakifuta machozi. Aliyeketi karibu naye akamshika mkono. "Pole, dada. Kumbe ilikuwa hivyo. Na sisi tulikuwa tunakusema."

"Asante," Loy akajibu. Baada ya miaka yote ile, alikuwa amehurumiwa, na aliipokea ile huruma kwa mikono miwili huku akijua si yake.

Taa zilipowashwa, mtu akageuka nyuma akaiona gomesi. "Adui iko hapa hapa!" Kicheko kikalipuka. Paddy akakidaka kwenye maiki: "Ametoka ndani ya tivii, fungeni milango!" Ulikuwa utani, Busia hatuna dogo. Mugeni akajaribu kucheka pamoja nao. Akaukaza mshipi wake, akaulegeza, akaukaza tena, hajui mikono aiweke wapi. Loy aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alichotakiwa kufanya ni kusimama na kusema kwamba mwanamke huyu ndiye aliyembeba mtoto. Akainama, akajifanya anatafuta kiatu chake.

Nje, kwenye kituo cha boda, Mugeni ndiye aliyeanza kusema. "Filamu yako nzuri, Loy. Watu wamelia."

Atai alisimama kati yao, macho mekundu.

"Kukhu, ni kweli? Ulimfungia Mama mlango?"

Mugeni akamgeukia Loy, akangoja. Hakuwa na hasira. Alimpa nafasi tu, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini Loy alikuwa amesikia "Mama". Atai hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Siku zote alisema "wewe", au akazunguka asimwite kitu. Loy akafumbua midomo, akaifumba.

Mugeni akaona kila kitu.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa na hasira siku ile. Mama yako alitaka kukaa na wewe, mimi nikakataa."

Atai akamtazama bibi yake muda mrefu. Kisha akalichukua begi mkononi mwake, akahamia upande wa Loy.

Mugeni akapanda boda, akakaa kiupande, akamwambia mjukuu wake asome kwa bidii na asilale bila kula. Pikipiki ikaondoka. Akageuza shingo, akapunga mkono, akaendelea kupunga hadi akapotelea kwenye foleni ya malori ya mpakani. Atai hakumpungia. Na Loy, aliyesimama pale na mkono wa mtoto ndani ya mkono wake, hakumwambia apunge.