Pipa la Miarobaini

Kiangazi cha mwaka 1949 kiliwafanya watu wa Kisarawe wachote tope. Mwanajuma, mke wa Saburi, alirudi kisimani na nusu ndoo, tena peke yake, kwani wenzake walikuwa wameacha kuitikia salamu zake. Kosa lake lilikuwa kazi ya mumewe. Kila asubuhi Saburi alisukuma mkokoteni wenye pipa hadi kisima cha serikali, kile chenye kufuli, kisha akaenda kunywesha miarobaini michanga iliyopandwa kando ya barabara.

"Miti inakunywa, watoto wetu wanalamba midomo," alisema Mwamvita, jirani yao, makusudi asikike. Mwanawe wa mwisho alikuwa kitandani kwa homa.

Moyoni Mwanajuma alikuwa upande wao.

"Baba Zubeda, iache kazi hii," alimsihi mumewe.

"Nikiiacha atawekwa mwingine. Na miti ina kosa gani? Ikishashika mizizi haitaomba maji tena."

Alasiri moja makelele yakamtoa Mwanajuma jikoni. Barabarani wanaume walikuwa wamesimama na mapanga, Salumu mume wa Mwamvita mbele yao. Mwarobaini mmoja ulikuwa umelala chini. Saburi alikuwa ameuegemea wa pili kwa mgongo, pipa lake kando.

"Ondoka, Saburi. Hatuna ugomvi na wewe."

"Basi anza na mimi."

Saburi hakusogea. Salumu akapiga hatua. Mwanajuma aliiona mishipa ya mkono ulioshika panga, akajikuta amekwishafika katikati yao.

"Fungua pipa," alimwambia mumewe.

"Nyapara atanifunga!"

Hakubishana naye. Alikishika kizibo kwa mikono miwili, akakivuta. Maji yakaruka. Wanawake wakaja mbio na ndoo, sufuria, vibuyu, wakisukumana, na Salumu akalitupa panga ili amshikie mkewe ndoo.

Maji yalikuwa bado yanatiririka nyapara Adamu alipotokea na askari.

"Nani kafungua?"

Mwanajuma alifumbua kinywa, Saburi akamuwahi.

"Mimi, bwana."

Watu wote wale walijua ukweli, na hakuna aliyekohoa. Saburi akachukuliwa.

Kesho yake Mwanajuma alimpelekea chakula mahabusu. Saburi alikula matonge machache, akauliza, "Ule wa karibu na soko bado unapukutisha majani?"

"Mwanao analia usiku kucha akikuita, wewe unauliza mti!"

Aliondoka amefura kwa hasira. Lakini njia ya nyumbani ilipita sokoni, na mti kweli ulikuwa umebaki vijiti. Jioni hiyo hakuyamwaga maji aliyooshea mchele. Aliyabeba mpaka pale, akayamimina shinani taratibu, huku watu wakimtazama vibarazani. Ilimuuma kutazamwa vile. Hata hivyo kesho yake alirudi na maji ya kuoshea vyombo, na siku zilizofuata pia, hadi siku Mwamvita alipokuja na karai la maji ya kufulia, akayamwaga kwenye mti wa pili bila neno.

Maji ya karai yalipokwisha, Mwamvita akafuta mikono kwenye kanga. "Mtoto katoka jasho leo. Kaomba uji."

"Alhamdulillahi," alisema Mwanajuma.

Mvua za vuli zilichelewa. Zilipofika, miti kadhaa ilikuwa imekufa, ule wa sokoni ukiwamo. Saburi alitoka mahabusu akakuta kazi yake imepewa mtu mwingine. Hakulalamika. Aliipitia miti mmoja mmoja, akikwaruza gome kwa ukucha kutazama kama ndani kuna ubichi, na Mwanajuma akimfuata nyuma amembeba Zubeda.

Waliamua kuhamia Gwata, kwenye shamba la mihogo la kaka yake Saburi. Asubuhi ya safari, Salumu alikuja bila kuitwa. Alisimama mlangoni.

"Shika upande huo," Mwanajuma alimwambia, akimwonyesha kitanda.

Salumu akainama, akakibeba.