Kila Mtu na Mtu Wake

Rosebella Aluoch hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. Alitoka Siaya kuja Eldoret kufundisha hisabati, na jioni akawa kocha wa timu yetu ya wasichana, timu ya mpira wa kikapu iliyokuwa imepanda ligi kuu ya taifa kwa jasho tu. Mimi Nanyama nilikuwamo, nikisugua benchi kando yake msimu hadi msimu, kwa hiyo sauti yake naijua kuliko wote.

Wapinzani wakipata mpira, amri yake ilikuwa moja: "Kila mtu na mtu wake!" Maana yake shika mpinzani wako, umfuate hata akienda kunywa maji. Watoto wa mtaa wa Kapsoya waliokuja kututazama walimwiga mpaka mama zao wakachoka.

Kisha ukaja ule uchaguzi wa Desemba 2007, na baada yake moto, makabila yakigeukiana. Duka la kina Wacera kule Turbo liliteketezwa. Wacera ndiye aliyekuwa akiuongoza mchezo wetu, mfupi, mjanja, mkaidi. Yeye na mamake waliishia kwenye hema katika uwanja wa maonyesho, na jamaa zao wakawa wanapanga kuwahamishia Nyahururu. Ligi iliporudi, Rosebella alikwenda kumwomba aje mazoezini, hata mara moja tu. Akaja. Chepkorir, nahodha wetu kutoka Kesses, ambaye kabila lake ndilo lililonyooshewa kidole, alimpa mkono kwa woga. Hawa wawili zamani walikuwa wakinywa soda moja kwa zamu.

Tukaanza. Tukapoteza mpira, na Rosebella, kwa mazoea tu, akapaza sauti: "Kila mtu na mtu wake!"

Wacera akasimama. Akaenda kando, akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Kochi, hiyo maneno usiniambie," alisema. "Mama aliomba jirani atufiche. Mtu tulikuwa tunamuuzia mkate kila asubuhi. Akasema, Mama Wacera, saa hii ni kila mtu na mtu wake. Akafunga mlango."

Rosebella alikuja akachuchumaa mbele yake. Halafu akajaribu njia nyingine. "Basi tucheze zoni. Kila mtu akae kwa eneo lake." Alipojisikia, akajiziba mdomo. Nani ana haki ya kukaa eneo gani ndiyo habari iliyochoma nyumba za watu. Mimi nilicheka, kisha nikakasirika mno. Watu wamenyang'anywa nyumba, sasa hata maneno ya mpira yamechukuliwa.

Wacera alikubali kucheza mechi moja ya kuaga, dhidi ya wageni kutoka Nairobi. Rosebella alisimama pale akipunga mikono bila neno, na wageni wakafunga walivyotaka. Kabla ya robo ya mwisho tukamzunguka.

"Kochi, sema tu," Wacera akamwambia.

"Siwezi."

"Sema, lakini sema yote. Si ulitufundisha, mwenzako akipitwa, unaacha mtu wako unaenda kumsaidia? Huko Turbo walishika nusu ya kwanza ya maneno tu."

Chepkorir aliinamisha kichwa. Rosebella akakohoa kidogo, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia: "Kila mtu na mtu wake. Mwenzako akizidiwa, wacha wako, enda."

Tuliwakimbiza mpaka tukawa sawa. Sekunde za mwisho, mchezaji wao akamponyoka Wacera, akaelekea kikapuni peke yake. Chepkorir akamwacha mtu wake, akaja mbio, akamzuia. Yule msichana akatoa pasi kwa aliyeachwa, naye akafunga. Kipenga kikalia. Tumeshindwa.

Chepkorir aliketi sakafuni akilia. "Pole, Kochi. Niliwacha mtu wangu."

Rosebella hakuwa mtu wa kusamehe mechi iliyopotea, na mimi nilikuwa nikingoja alipuke. Lakini Wacera alimtangulia. Alikwenda akaketi karibu na Chepkorir, bega kwa bega.

"Uliwacha," alimwambia. "Niliona."

Kisha akainua macho. "Kochi, kesho mazoezi ni saa ngapi?"