Jioni Tisa za Doña Cuca

Eulalia Bracamontes, Lala kwa wanaomjua, anafungasha zabibu ghalani huko Selma, mwaka wa ishirini na sita sasa. Ukimuuliza kama aliwahi kusoma chuo kikuu, atakujibu, "Kidogo." Kidogo, jamani! Miaka miwili na nusu ya hesabu, alama za juu, binti wa kwanza wa ukoo mzima kukanyaga pale, na yeye anasema kidogo.

Mambo yaliharibika Desemba ile alipofariki bibi yake, Doña Cuca. Kwao marehemu husaliwa rozari jioni tisa mfululizo, na msalishaji wa mtaa alikuwa Doña Cuca mwenyewe. Litania yote alikuwa amemfundisha mjukuu mmoja tu.

"Nani atamsalia bibi yako kama si wewe?" mama yake, Amparo, aliuliza kwenye simu. Lala akapanda basi siku ile ile. Hakumwambia mama kwamba ana mtihani wa mwisho, na mtihani wenyewe uliangukia jioni ya saba, saa ile ile ya rozari.

Jioni ya tano Maribel, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja chuoni, alipiga simu.

"Wee Lala, mwambie profesa! Atakupa siku nyingine."

"Nimwambie bibi amekufa? Si ulimsikia darasani?"

Maribel alimsikia. Profesa alikuwa ametania kwamba mitihani ikikaribia, mabibi wa wanafunzi hufa kama kuku wa kideri. Darasa zima likaangua kicheko, na Lala mwenyewe alicheka.

"Bibi yangu hatakuwa kichekesho cha mtu," akasema.

"Basi muombe mama yako akuachie siku moja."

"Nimwache na waombolezaji sebuleni, eti nikafanye hesabu? Wataniita mzungu, eti nimesahau kwetu."

"Kiburi hicho, shoga yangu."

Kilikuwa kiburi, tena na aibu na majonzi, vyote chungu kimoja. Mficha uchi hazai, lakini ukiwa na miaka ishirini nani atakueleza ukaelewa? Akapata sifuri, sifuri ikamnyima ufadhili, akarudi nyumbani "muhula mmoja tu, nijipange." Muhula huo haujaisha hadi leo.

Juzi walikuwa jikoni, yeye na mama yake, wakipaka unga wa mahindi uliokandwa kwenye maganda ya mahindi kutengeneza tamale za Krismasi.

"Hivi, mwanangu," mama akauliza, "chuo ulikiacha kwa nini hasa? Kilikushinda?"

Loo! Miaka yote hiyo mama aliamini kwamba mtoto alishindwa. Lala akaweka kijiko chini, akamweleza yote, mtihani, profesa, na ile jioni ya saba.

Amparo akajifuta unga vidoleni.

"Ungeniambia, Lala. Mimi sikusoma, ningejuaje? Nilidhani mtihani ukiukosa leo unaufanya kesho." Halafu akakunja uso, akikumbuka. "Jioni ya saba? Jioni ya saba si ndiyo padri alikuja kusalisha mwenyewe? Wewe ulikaa kiti cha nyuma, hukufungua hata kinywa."

"Najua, mama," Lala akasema. "Nilikuwa naangalia saa."