Mabomu Niliyorudi Nayo

Mahali pa kwanza nilipoitazama dunia kutoka juu palikuwa dungu. Mama alilijenga jukwaa hilo kwa fito katikati ya shamba letu la mpunga, kando ya Mto Tana, chini kidogo ya Garsen, na kazi yangu huko juu ilikuwa kuwatupia ndege madongo kwa kombeo wasimalize mpunga.

Kazi nyingine ilikuwa kuwatazama ng'ombe. Kati ya shamba letu na la jirani kuna malka, njia pana isiyolimwa ambayo wafugaji wa Kiorma huipitia wakati wa kiangazi kunywesha mifugo mtoni. Ng'ombe wakifuata malka, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Wakiingia mpungani, watu huchukua mapanga na mikuki. Mimi ndiye niliyekuwa juu, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kusema wanaelekea wapi, na nilikuwa naogopa sana kukosea. Niliwasoma mpaka nikawajua. Ng'ombe wanaoenda majini hukanyaga vijia vyembamba vinavyoachana na kukutana tena. Kwenye kambi za wafugaji, ng'ombe wakubwa wakienda malishoni, ndama hubaki katika zizi dogo la miiba kando ya vibanda, karibu na akina mama wanaokama.

Leo mimi ni rubani wa ndege ya kivita, ndege ya kuangusha mabomu. Naandika sentensi hiyo polepole kwa sababu bado inanishangaza. Shuleni kwetu mwalimu wa fizikia alihama na hakuletwa mwingine, nikajifundisha kwa kitabu chakavu kisicho na jalada. Nilipofaulu usaili wa urubani, nilihisi wamekosea na watagundua. Hisia hiyo haijaniacha.

Mafunzoni niliwachosha wenzangu. Nilirudia kila zoezi kichwani, macho yamefumbwa, mikono ikigusa swichi ambazo hazipo. Likizo nilifanya hivyo nyuma ya nyumba yetu, nimeketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, na jirani akamuuliza mama kwa upole kama nimepatwa na mashetani.

"Hapana," mama alimjibu. "Anaruka. Akitua nitakuita."

Kwenye uwanja wa shabaha tuliangusha mabomu ya mazoezi yanayotoa moshi, na mtu aliye chini anakutangazia umekosa kwa kiasi gani. Nilipokosa kidogo tu, nilishindwa kula. Mkufunzi wangu, ambaye hakuwahi kuniita jina langu, alinifuata mezani siku moja.

"Garsen, kula. Bomu limeanguka pale pale lilipoanguka. Ukikonda halitasogea."

Nilihitimu nikiwa wa kwanza katika kuangusha mabomu. Mama alikuja amevaa leso mpya na akamweleza kila afisa aliyemkuta, bila kuulizwa, kwamba kombeo langu lilikuwa halikosi.

Kisha vita, ng'ambo ya mpaka. Sitajifanya kwamba sikuangusha. Niliangusha, na nililenga vizuri, kwenye maghala na magari yenye silaha. Baada ya kila safari vidole vyangu vilikataa kufungua kamba za kofia. Yule mkufunzi sasa alikuwa kiongozi wetu angani. Alinifungulia kama mtu anayemfungulia mtoto vifungo vya shati.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia, tuliruka ndege mbili. Tuliambiwa kuna kambi ya adui kwenye kichaka: vibanda, na njia nyingi mpya zinazoishia kwenye kisima. Yeye angebaki juu kunilinda. Mimi ningeangusha.

Niliinamisha ndege, nikaona vibanda na njia. Halafu nikaona duara dogo la miiba ubavuni mwa vibanda, na ndani yake vitu vidogo vimesongamana. Nilivuta usukani, nikapanda.

"Garsen, kuna nini?"

"Ndama, afande."

"Umesema ndama?"

"Wako zizini, kando ya vibanda. Wakubwa wameenda malishoni. Ndama wakiwa nyumbani, akina mama wako nyumbani."

"Na njia?"

"Ni za ng'ombe. Zinaachana na kukutana. Gari haliendi hivyo."

"Una uhakika?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa maisha yangu yote. Nikirudi na mabomu na kumbe ni adui, wenzetu walio chini wangeshambuliwa kutoka kambi niliyoiacha. Nikiangusha na kumbe ni wafugaji, ningekuwa nimeua watu wa aina ile ile waliopita kando ya dungu langu wakinipungia fimbo.

"Sina uhakika wote, afande. Ila wa kuangusha sina kabisa."

Alipumua kwenye redio. Nilimsikia.

"Basi turudi. Na utue taratibu. Umebeba mzigo."

Nimetua mara nyingi, lakini sijawahi kutua vizuri vile.

Tulisubiri picha za ndege ya uchunguzi. Yeye alikunywa chai, mimi niliitazama yangu ikipoa. Mchana afisa aliigeuza skrini kwetu. Wanawake walikuwa wakitoka vibandani na vibuyu, ndama wamefunguliwa, na ng'ombe wanarejea kwa vile vijia, mmoja nyuma ya mwingine.

Kiongozi wangu alisukuma kikombe kuelekea kwangu. "Ng'ombe wako wamerudi, Garsen. Sasa kunywa."

Nilikunywa yote, ingawa ilikuwa baridi.

Nilipopata likizo nilimsimulia mama, bila kumtajia mahali. Tulikuwa uani na rafiki yake Muorma, anayemletea maziwa tangu sijazaliwa. Mama alikuwa amezoea kujisifu kwa rafiki huyo kwamba mimi bintiye naangusha mabomu. Safari hii aliendelea kupepeta mchele mpaka makapi yakaisha. Rafiki yake ndiye aliyeuliza.

"Hao ndama, rangi gani?"

"Nilikuwa juu sana, mama. Sikuona rangi."

"Basi hukuona vizuri," alisema yule rafiki, akacheka, nami nikahisi ile hofu yangu ya zamani ikiinuka, kwamba kuna jambo nimelikosa. Kisha nikaona machozi yake.

Mama aliweka ungo chini.

"Mjazie kikombe cha maziwa," alimwambia rafiki yake. "Huyu mabomu amerudi nayo."

Akanijazia mpaka yakamwagika.